Mfuniko Nilikubali, Kandambili Nilikataa

Lula wangu,

Nakusikia kutoka hapa mezani. Unafunga zipu ya sanduku, unaifungua, unaifunga tena. Hii ni mara ya nne. Kuna kitu hukioni, na mimi najua kilipo, nitakuambia mwishoni mwa barua. Ukuta kati yetu ni wa tofali moja. Ningekuita sasa hivi ungeitika "Maman?" kwa ile sauti ya adabu unayonipa tangu Jumanne, sauti ya kumjibu sista wa parokia. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mdomo nimeujaribu siku tano, na kila nikiufungua unaishia kukuuliza kama umekula.

Basi lako ni kesho alfajiri. Barua nitaitia ndani ya mfuko mweusi niliokushonea wa kubebea diski yako ya filamu, maana ukifika Dar es Salaam hicho ndicho utakachofungua kwanza, kabla ya kuoga, kabla ya kunijulisha kwamba umefika.

Mambo ya dawa, ya maji, ya wanaume, ya kuficha pesa kwenye soksi, tantine wako, dada yangu, amekwisha kukueleza mara mbili, na mara ya pili alikuwa na hasira. Sirudii. Kiswahili chetu cha Katanga, chenye 'minye' badala ya mimi na 'njo' badala ya ndiyo, watakicheka huko. Cheka nao, kisha endelea kusema hivyo hivyo. Mimi naandika hiki cha shule, nilichokiacha darasa la pili la sekondari nikiwa na mimba yako, kwa hiyo mahali nikikosea ujue nilikuwa nakungoja wewe.

Nianze na kosa dogo, nipate nguvu ya lile kubwa.

Unakumbuka ujumbe wa vijana wa Dar? Kioo cha simu yako kilikuwa kimevunjika, ukawapa namba yangu. Ujumbe uliingia nikiwa kwenye meza yangu ya mikate mbele ya kiwanda, mikono imejaa mafuta. Waliandika kwamba wameiona filamu yenu, kwamba wanatengeneza filamu za namna hiyo hiyo, za nyota na za miaka ijayo, na kwamba kama Lula anataka, aje akae nao miaka miwili, afanye kazi na kujifunza. Nilisoma polepole, neno kwa neno. Kisha nikaitia simu mfukoni na kumuuliza mteja kama anataka chai.

Siku tatu niliukalia ule ujumbe kama kuku anayeatamia jiwe. Siku ya nne mikate yangu ilikuwa na chumvi mara mbili, wateja wakaitema, ndipo nikaja nyumbani nikakupa simu. "Iko na message yako hapa," nikasema, "imeingia sasa hivi." Uliruka, ukanikumbatia mpaka kikapu kikaanguka. Haikuingia sasa hivi, Lula. Siku ilikuwa imeandikwa pale juu yake. Nafikiri uliiona, ukaninyamazia.

Mimi ni mtu wa kuficha. Nililelewa hapa hapa Shituru, Likasi, katika nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili na watoto tisa, na mtoto aliyepata kipande cha samaki alikizika ndani ya bukari yake, ugali wetu, haraka, kabla macho ya wengine hayajafika. Alikula bukari kwanza, kandokando, akisubiri wengine waondoke. Nilikuwa hodari kuliko wote. Mkono ulijifunza, na baadaye ukaendelea kuzika vitu hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuninyang'anya.

Kwa hiyo ulipoanza hayo mambo yako ya filamu, wewe na wenzako watatu mle chumbani kwa Trésor anayetengeneza simu, sikuelewa kitu. Siku ya kwanza uliingia jikoni unakimbia.

"Maman, nipe mfuniko ya sufuria kubwa."

"Ya nini?"

"Mlango ya chombo haina sauti."

"Chombo gani?"

"Ya kwenda ku mwezi."

"Na sombe yangu nifunike na nini, na mwezi?"

Lakini nilikupa, majani ya muhogo yakachemka wazi. Mliuburuta kwenye sakafu ya saruji, mkaupiga na kijiko, mkauburuta tena, Trésor ameshika simu karibu yake kama daktari anayesikiliza kifua. Mlirekodi na treni ya jioni inapopita nyuma ya nyumba za kampuni. Magunia ya makaa mkayashona yakawa nguo za watu wa mwezini. Nilicheka, ndiyo, na nyinyi mlijua ninacheka. Watu wa Likasi wamekwenda kuchimba shaba mwezini! Kama hapa imekwisha.

Filamu ilipokwisha mkafanya jambo ambalo lilinitia hasira kwanza, kisha likanitia mawazo. Zile sauti zote, za treni, za mfuniko, za magunia, mkaziweka kwenye intaneti achukue anayetaka. Miezi ikapita. Jioni moja ukanionyesha kwenye simu filamu ya kijana fulani wa mbali, wa nchi ya visiwa ambayo jina lake nimelisahau, habari ya mji ulio chini ya bahari. Watu wenye ngozi nyingine, lugha nyingine. Mwanamke anafika mbele ya mlango mkubwa wa chuma, mlango unafunguka, na mimi nikapiga kelele: "Sufuria yangu!" Mpaka Mama Béa wa jirani akaja na ufagio akifikiri ni nyoka.

"Huyu mutu alikulipa?" nikakuuliza.

"Hapana, maman. Tulitoa bure."

"Bure? Na weye unacheka?"

"Njo vile, maman. Siye pia, ule udongo ya mwezi yetu, mutu mwingine aliipiga picha ku jangwa ya kwabo, akaacha batu bachukue. Siye hatuna jangwa."

Ulipoondoka nilikwenda jikoni, nikautazama mfuniko. Ulikuwepo palepale, juu ya sufuria, na kovu lake la kijiko. Ulikuwa umekwenda chini ya bahari, na bado ninao. Nilisimama pale muda mrefu kidogo kwa mwanamke mwenye kazi.

Sasa kandambili.

Ulizikuta mwenyewe chini ya kitanda changu, ndani ya ndoo yenye kifuniko, nimezifunga na kitenge cha zamani. Uliuliza ni za nani, nikasema za baba yako. Uliuliza kama unaweza kuzitumia, nikasema piga picha tu, usizivae. Nilifikiri picha ni picha. Ukaziweka juu ya kigoda uani, ukaanza kuzizunguka, hatua moja picha moja, hatua moja picha moja, juu, katikati, chini, kama tunavyozunguka jeneza kuaga. Nilikuwa nachagua mchele, sikuinua kichwa. Wiki iliyofuata ukaniita kwa Trésor. Zilikuwa mle ndani ya kompyuta, nzima, zinageuka polepole bila mtu kuzigusa. Nyayo zimelika upande wa kisigino, maana alikuwa anakanyaga vibaya. Mkanda wa kulia umeunganishwa na waya wa shaba. Niliuona hata ule waya unang'aa. Nikasema nimesahau kitu kwenye moto.

Ulikuwa umewauliza wachimbaji wanaokunywa chai kwangu, wakakuambia desturi yao: kila anayeshuka anaacha kandambili zake kwenye mdomo wa shimo, zimeelekea nje, maana kule chini watu wanachimba miguu mitupu. Anayebaki juu anazihesabu. Jioni, kandambili zikibaki, mtu amebaki. Wewe ukaichukua desturi hiyo ukaipeleka mwezini. Wachimbaji wa mwezini wanaacha kandambili mlangoni mwa chombo, chombo kinahesabu, na hakiruki mpaka kila mtu achukue zake. Na mwishoni jozi moja inabaki. Wengine wanalia wanataka kurudi nyumbani, chombo kinakataa kuruka, kinangoja, na filamu inakwisha kingali kinangoja.

Siku mlipoionyesha kwenye shuka pale uwanjani, wewe ulikuwa nyuma na waya zako, hukuona watu. Mimi niliwaona. Wazee wa mashimo, wale wenye kelele, waliinama wote wakatazama miguu yao. Papa Ngoy, yule mwenye jicho moja anayekuita "madame ya mwezi", alivua kofia. Watu walipotawanyika alinifuata.

"Mutoto anajua?" akaniuliza.

"Hajue."

"Na alifanya vile bila kujua?"

"Bila kujua."

Akatikisa kichwa. "Umuambie, Mama Lula. Minye niko muzee. Nikienda, utabaki weye peke yako na hiyo maneno."

Sikukuambia. Nikayazika chini ya bukari.

Halafu Jumanne. Uliniletea ile karatasi, kwa sababu sasa mnataka kutoa kila kitu, chombo chenyewe, nguo, nyumba za mwezini, vyote mlivyochora ndani ya kompyuta, ili mtu asiye na kitu mahali popote apate pa kuanzia. Na desturi yenu nyinyi ni kwamba kila aliyetoa kitu anaandika jina lake kukubali. Nilijaza mistari yangu. Mfuniko, ndiyo. Kitenge, ndiyo. Kigoda, ndiyo. Nikakurudishia.

"Maman, umesahau mustari moja."

"Sikusahau."

"Ni kandambili ya baba."

"Njo hiyo. Zingine bapatie. Hizo hapana."

"Mfuniko ulikubali."

"Mfuniko ni mfuniko."

"Filamu yote iko juu ya hizo kandambili, maman. Bila hizo tunapatia batu mlango mutupu."

"Na mutu akizichukua akazivalisha shetani mu filamu yake?"

Ungeweza kunidanganya hapo. Ulifikiri kwanza, ukasema, "Inawezekana. Sitaweza kumukataza." Ni kwa sababu ya jibu hilo, Lula, najua nimezaa mtu mzuri kuliko mimi. Lakini siku ile lilinichoma. Nikasema unataka kumtupa baba yako mikononi mwa kila mtu. Na wewe ukasema polepole, bila kelele: "Na weye umemuficha. Kila kitu unaficha, maman. Hata yeye. Minye simujue."

Tangu hapo ndiyo hii adabu.

Basi, mjue.

Kasongo, baba yako, alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusimulia kinachochekesha. Aliimba vibaya na hakujua. Alikuwa anarudi na vumbi la kijani masikioni, anakushika, anatikisa kichwa mbele yako ili uone vumbi linavyodondoka, na wewe unacheka mpaka unapata kwikwi. Ulikuwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa na kumi na minane na kitu, mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Hatukuwa watu wazima, tulikuwa watoto wawili wenye mtoto.

Alikuwa katika timu ya wachimbaji sita, mkubwa wao Papa Ngoy. Timu ikipata, inagawana sawa, aliyeona na asiyeona. Jioni moja aliingia macho yakiwaka. Nyuma ya kilima, katika shimo la zamani lililoachwa, alikuwa ameona mshipa wa jiwe zuri la shaba, kijani kizito, unaingia ndani. Alisema kesho asubuhi atawaonyesha wenzake.

Mimi nikasema: "Uwaonyeshe juu ya sababu gani?"

Alicheka, akafikiri natania.

"Batu sita, kila mutu atapata nini? Mutoto anakua. Chimba weye peke yako kwanza, wiki moja. Kisha utawaonyesha."

"Mama Lula, shimo haichimbwe na mutu moja."

"Wiki moja tu."

Tulibishana mpaka ukaamka ukalia. Alikuwa hajui kunikatalia, hilo ndilo lilikuwa kosa lake pekee. Na alfajiri, alipokuwa anavaa kandambili zake pale mlangoni, nikakumbuka desturi. Akiziacha kwenye mdomo wa shimo watu watapita, wataona, watajua kuna mtu chini. Nikamwambia azivue. "Ziache hapa nyumbani. Nenda miguu mitupu, na mutu asijue."

Akazivua. Akazitazama, akanitazama, akacheka kile kicheko chake.

"Sasa nani atanihesabu?"

"Minye," nikasema. "Minye njo nitakuhesabu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nilizisukuma kandambili chini ya kitanda na mguu.

Siku tatu alirudi kabla ya jua kusimama katikati, akavaa kandambili, akaenda kwa wenzake. Siku ya nne hakurudi. Na hapa, Lula, ndipo pale ambapo sijawahi kufika na mtu, hata kwenye kitubio sijafika. Saa sita nilijua. Mwili ulijua. Lakini nikauambia mwili wangu: amepata vizuri, amechelewa. Kwa sababu ningekwenda kuuliza watu, shimo lingejulikana. Nikakuogesha. Nikatwanga sombe. Saa nane. Nikakufulia nguo ambazo hazikuwa chafu. Saa tisa. Saa kumi nilikufunga mgongoni nikakimbia.

Papa Ngoy na wengine walikuwa wanamaliza kazi, wamekaa, wanakunywa maji.

"Kasongo iko chini," nikasema.

"Chini wapi? Leo hakukuja. Kandambili yake haiko."

"Iko kwangu. Ku nyumba."

Alinitazama na lile jicho lake. Alipiga mluzi, wakainuka wote, si timu yetu peke yake, watu wa mashimo mengine ambao hata hawakumjua, wakakimbia nyuma ya kilima. Walichimba na koleo, na sahani, na mikono. Hakuna aliyesema mbona mlituficha. Nilikuwa nangoja mtu aseme. Walichimba wakipokezana mpaka wakamtoa, wakamlaza juu ya gunia, nikashika mkono wake.

Ulikuwa na joto bado.

Sasa unajua. Nilikuambia mlima uliangukia watu wengi, kwamba hakuna aliyeweza kufanya kitu. Uliangukia mmoja, na watu arobaini walikuwa karibu tangu asubuhi, na walichokosa ni kuziona kandambili.

Watu wale walitulisha wiki nyingi baadaye. Walileta unga, samaki, makaa, mpaka sabuni ya kukufulia. Somo lilikuwa mbele ya macho yangu limeandikwa kwa herufi kubwa, na mimi nikalisoma kinyume. Nilifikiri: sasa lazima nifiche zaidi, nimfiche huyu mtoto, nifiche na hili lenyewe nililolifanya. Hata alipozikwa sikuzipeleka kandambili, kwa sababu watu wangeziona wangekumbuka. Nikazitia kwenye ndoo. Miaka kumi na saba nimelala juu yake.

Na unajua ni nini kilichonivunja wiki hii? Si maneno yako. Ni kwamba uliheshimu kukataa kwangu. Alhamisi ulikwenda kwa Trésor, nikakufuata na chakula, nikasimama mlangoni na sahani. Ulikuwa unaziondoa. Mlango wa chombo ulikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta na kandambili zote za wachimbaji, ukabonyeza, na zile za baba yako zikaondoka. Hakuna aliyekuona ukifuta macho isipokuwa mimi. Nikatazama ule mlango, na pale mahali pa jozi moja palikuwa patupu, na nikajua ninachokitazama. Ilikuwa ni siku ile. Mtu yuko chini, na mlangoni hakuna kitu, na mimi ndiye niliyeziondoa. Mara ya pili.

Niliweka sahani chini nikarudi nyumbani. Ulifikiri imeletwa na dada yake Trésor.

Kwa hiyo karatasi iko hapa, imekunjwa ndani ya barua. Mstari nimeujaza. Zirudishe mlangoni, zitoe pamoja na vingine. Anayetaka kuzivalisha shetani azivalishe. Shetani naye ataulizwa amezitoa wapi. Ulisema anayetumia kitu anaandika mwishoni mwa filamu yake jina la aliyekitoa. Usiandike langu. Nimeandika lake, Kasongo, baba yake Lula, na chini yake, mke wake amekubali. Nataka mtu wa kile kisiwa alisome jina hilo asijue ni nani, alisome tu. Na ule waya wa shaba, nilikusikia ukimwambia Trésor unaweza kuufuta zionekane safi. Usiufute. Aliufunga mwenyewe, amekaa pale kwenye kizingiti, wewe ukiwa umemkalia mguuni unamvuta sikio.

Zile zenyewe, za kweli, Jumapili ijayo baada ya misa nakwenda nazo nyuma ya kilima. Papa Ngoy amekubali kunipeleka. Nilikwenda kwake jana, nilikuambia nakwenda kununua unga wa ngano. Nilimwambia kwamba leo naandika. Akaniuliza, "Na kandambili bado iko nzima?" Nikasema nzima. Akasema basi twende tuziweke pale zilipotakiwa kuwa, zimeelekea nje, kila mtu azione. Mvua itazila pale. Zamani nisingekubali zioze, ningekufa kwanza. Lakini sasa najua ziko mahali pengine, zinageuka polepole, na mtu akizichukua hazipungui. Hilo nimefundishwa na mfuniko wa sufuria na binti yangu.

Usinionee huruma nyingi. Nionee kidogo. Nyumba itakuwa na kelele ya mtu mmoja, na mtu mmoja hana kelele. Wiki za kwanza nitapika bukari ya watu wawili, mkono hauna akili, na Mama Béa atanenepa. Jioni nitakaa kwenye kizingiti treni ikipita, nikifikiri kwamba sauti yake unayo kwenye diski, na kwamba tunaweza kuisikia wote wawili kwa saa ile ile, wewe huko na mimi hapa, tukipanga. Tupange. Umeme ukikatika, yangu bado itapita.

Sijui kama utanisamehe. Usinijibu haraka kwa kunihurumia. Ukikasirika, kasirika, niandikie hasira yako yote, mradi usinipe tena ile adabu. Nimemficha baba yako kwa miaka kumi na saba. Ukitaka kumjua, niulize, chochote, hata usiku wa manane, hata vitu vya aibu. Nitakuambia alivyoimba.

Unafungua zipu tena. Mara ya tano.

Unatafuta kandambili zako za bluu. Uliziweka juu ya nguo asubuhi, chini ya taulo, na sasa hazimo, na adabu inakuzuia kuniuliza. Huko utanunua nyingine, ni kitu cha bei ndogo. Zako ninazo hapa chini ya meza, nimezikanyaga.

Kesho nikirudi kutoka kwenye basi nitaziweka nje ya mlango wetu, zimeelekea nje. Anayepita ataziona. Akiuliza ni za nani, nitasema kuna mtu wetu ameshuka kazini, bado hajatoka.

Minye njo namuhesabu.

Mama yako